Mwongozo kamili: Namna ya kudai haki za mtu mwenye ulemavu kisheria, kwa wakazi wa Dodoma na Kanda ya Kati

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, ilipitishwa na Bunge hapa hapa Dodoma. Pamoja na hayo, wapo wanaoishi mwendo wa daladala moja tu kutoka Bungeni ambao hawajawahi kuisoma, na wapo watendaji wa mitaa wanaosikia kwa mara ya kwanza, kutoka kwa mwananchi, kwamba sheria hiyo imewapa kazi ya kufanya.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Ni zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi. Kwa hiyo hata kama wewe huna ulemavu, kuna uwezekano mkubwa kwamba nyumbani kwenu au nyumba ya pili yupo anayehitaji mwongozo huu, na pengine wewe ndiye utakayemwandikia barua.

Nasema barua kwa makusudi. Ofisi za umma hufanya kazi kwa jalada. Ombi la mdomo halifunguliwi jalada, na jambo lisilo na jalada hakuna afisa atakayeulizwa kwa nini hakulijibu. Karibu kila hatua iliyoelezwa hapa chini inarudi kwenye karatasi yenye mhuri wa kupokelewa.

Sheria zipi zinakuhusu

Usiende ofisini na maneno "sheria inasema" bila kujua ni sheria ipi. Iliyo kuu ni hiyo Na. 9 ya 2010, inayotumika Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake, hivyo ndugu yako aliyeko Unguja asitumie barua ya kunakili kutoka kwako. Sheria ya 2010 ilikuja baada ya Tanzania kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwezi Novemba 2009. Inagusa afya, elimu, ajira, majengo, mawasiliano, siasa na ulinzi wa jumla.

Tafsiri yake ya ulemavu ni pana kuliko watu wengi wanavyodhani: ni kupoteza au kupungukiwa fursa za kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine, kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Hilo neno la mwisho lina uzito. Afisa akikuambia "wewe unatembea, huna ulemavu," hajaisoma tafsiri hiyo. Mtu mwenye ualbino, kiziwi, mwenye ulemavu wa akili, mwenye uoni hafifu, wote wamo.

Zipo pia sheria nyingine ambazo mara nyingi zina meno zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto mwenye ulemavu na inaweka adhabu kwa anayekiuka haki zake. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ndiyo inayoitaka halmashauri itenge asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha watu wenye ulemavu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatenga tenda kwa makundi maalumu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo itakayokupatia mtu wa kukusaidia bila kumlipa. Na Katiba, Ibara ya 11, inaitaka Serikali iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kufanya kazi, kujielimisha na kupata msaada wakati wa ulemavu.

Angalizo la kiutendaji: sheria za nchi zimefanyiwa urekebu, yaani zimepangwa upya pamoja na marekebisho yake, na toleo la 2023 lilianza kutumika Julai 2025. Namba za vifungu zinaweza kutofautiana na zile za nakala ya zamani uliyopewa kwenye semina. Kabla ya kuandika namba ya kifungu kwenye barua, fungua TanzLII, tovuti ya sheria inayosimamiwa na Mahakama, uhakikishe. Ni bure. Kama huna uhakika, taja jina la sheria na mwaka wake, kisha eleza haki yenyewe kwa maneno. Namba iliyokosewa inampa afisa mzembe kisingizio, lakini haki iliyoelezwa vizuri bila namba haiwezi kukataliwa kwa sababu hiyo.

Anzia mtaani au kijijini kwako

Wengi hukimbilia Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kwa kuwa wizara ziko karibu. Nauli inaliwa, mlinzi anawauliza wamekuja kumwona nani, na mwisho wanaambiwa: "Umepitia halmashauri yako?" Anza chini.

Nenda kwa mtendaji wa mtaa, au wa kijiji kama uko Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Chemba au vijiji vya Kondoa. Muulize mambo matatu. Kwanza, kama jina lako au la mwanao limo kwenye orodha ya watu wenye ulemavu wa eneo lake. Pili, kama kamati ya watu wenye ulemavu ya mtaa au kijiji ipo, na nani ni wajumbe; sheria ya 2010 inazitambua kamati hizi kuanzia ngazi hiyo. Tatu, omba barua ya utambulisho kwenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Barua hiyo itaje jina, makazi na aina ya ulemavu. Beba namba yako ya NIDA, na kwa mtoto beba cheti cha kuzaliwa.

Kama hakuna kamati, usiishie kulalamika. Andika ombi la kuiunda, lisainiwe na watu kadhaa wenye ulemavu au wazazi wao, na nakala iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Huko vijijini, kamati iliyo hai ndiyo inayotoboa siri ya mtoto anayefungiwa ndani. Kuhusu huyo mtoto, ni vizuri iwe wazi: kumficha si suala la familia peke yake. Piga 116, namba ya bure ya kupokea taarifa za watoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Adhabu ya kukiuka haki za mtoto chini ya Sheria ya Mtoto ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Ila kwa maoni yangu, wazazi wengi wa namna hiyo wanahitaji kwanza afisa ustawi wa jamii na kiti mwendo, siyo pingu. Polisi wawe kwa ajili ya anayedhuru.

Uthibitisho wa daktari

Karibu kila huduma, iwe mkopo wa elimu ya juu, ajira, misamaha ya kodi au fidia, itadai uthibitisho wa kitabibu. Ulemavu unaoonekana hauhitaji vipimo vingi, lakini usikivu, uoni na ulemavu wa akili vinahitaji mtaalamu. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya upate rufaa. Kwa walio mjini, rufaa huishia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa.

Omba taarifa iandikwe kwa namna inayosaidia. Taarifa inayosema jina la ugonjwa pekee haimsaidii mwajiri wala mwalimu. Mwombe daktari aongeze sentensi mbili: mtu huyu anashindwa kufanya nini, na anahitaji nini ili afanye. "Anahitaji kukaa mbele darasani na maandishi makubwa" ina thamani kubwa kuliko istilahi tatu za Kilatini. Toa nakala kadhaa na uzithibitishe kwa wakili au hakimu, halafu asili ibaki nyumbani.

Usipokuwa na fedha, ulizia dawati la ustawi wa jamii lililo ndani ya hospitali hiyo hiyo, ndilo linaloshughulikia msamaha wa gharama kwa wasio na uwezo. Usiende dirisha la malipo kuomba huruma. Mhudumu wa dirisha hana mamlaka hayo.

Barua yenyewe

Hii ni sura ya barua inayofanya kazi. Ibadilishe kulingana na jambo lako.

*Jina lako kamili,*
*S.L.P. ......, Dodoma.*
*Simu: ......*
*Tarehe: ......*

*Mkurugenzi wa Halmashauri,*
*......*

*K.K. Mtendaji wa Mtaa wa ......*

*YAH: OMBI LA MKALIMANI WA LUGHA YA ALAMA KATIKA KIKAO CHA TAREHE ......*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mkazi wa Mtaa wa ......, Kata ya ......, na ni kiziwi. Nimealikwa kuhudhuria kikao kitakachofanyika tarehe ...... kuhusu ....... Sitaweza kushiriki bila mkalimani wa lugha ya alama.*

*Kwa mujibu wa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, naomba ofisi yako iandae mkalimani, au inijulishe kwa maandishi kabla ya tarehe ...... utaratibu mwingine utakaoniwezesha kushiriki.*

*Nimeambatisha: nakala ya barua ya mtendaji na taarifa ya daktari.*

*Wako katika ujenzi wa taifa,*
*(saini)*

*Nakala: Afisa Ustawi wa Jamii; Katibu wa chama chenu.*

Barua hiyo ina jambo moja tu. Ukichanganya mkalimani, mkopo na ugomvi wa kiwanja, itazunguka meza tatu na kukwama kwenye ya nne. Ina tarehe ya mwisho ya kujibiwa. Inaomba jibu la maandishi. Na ina sehemu ya nakala, ambayo watu huiona pambo, kumbe ndiyo inayomfanya mpokeaji ajue kuna mwingine anayefuatilia.

Chapa nakala mbili. Moja unaiacha masijala, nyingine inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na unarudi nayo. Wakikataa kugonga, andika mwenyewe nyuma ya nakala jina la aliyepokea, tarehe na saa. Hakuna malipo. Anayekudai "hela ya faili" anakuibia.

Asiyeona asisaini karatasi aliyosomewa haraka haraka na mtu wa ofisi hiyo hiyo. Nenda na msomaji unayemwamini, naye aandike chini ya saini yako kwamba amekusomea lote ukaridhia, kisha aweke jina lake. Simu yenye sauti ya kusoma maandishi inasaidia, ila haisomi mhuri wala mwandiko wa kalamu.

Shule

Mtoto akikataliwa kuandikishwa kwa sababu ya ulemavu, usibishane na mwalimu getini. Mwombe aandike sababu. Wengi wakiombwa hivyo hubadili mawazo. Asipoandika, andika wewe barua kwa mwalimu mkuu ukieleza ulichoambiwa, nakala kwa Afisa Elimu Kata na kwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri. Huyu wa mwisho ndiye wa kumshikilia: anajua shule zenye vitengo vya elimu maalumu, walimu waliosomea, na namna ya kumpima mtoto.

Kanda hii ina historia yake. Shule ya wasioona ya Buigiri, wilayani Chamwino, ina zaidi ya miaka 70. Viziwi wana Kigwe, wilayani Bahi. Lakini kuwepo kwa shule maalumu si ruhusa ya shule ya kawaida kumfukuza mtoto wako. Sheria ya 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma na wenzake, isipokuwa pale mahitaji yake yanapodai mawasiliano maalumu. Uamuzi wa bweni la mbali au shule ya jirani ni wa mzazi na wataalamu kwa pamoja.

Mitihani ya Taifa ina nyongeza ya muda kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Ipo pia mitihani ya nukta nundu na ya maandishi makubwa. Havipatikani siku ya mtihani. Taarifa inatakiwa iingie wakati wa usajili wa watahiniwa, hivyo mzazi aulize shule mapema: "Mwanangu amesajiliwa kama mwenye mahitaji maalumu?"

Kwa chuo kikuu, ukiomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, jaza ulemavu wako na uthibitishe kwa mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Kwa ufundi, Singida kuna chuo cha Sabasaba cha watu wenye ulemavu, kilicho chini ya Serikali. Fomu huulizwa kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya yako.

Kazi: hapa sheria ina meno

Sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe watu wenye ulemavu hawapungui asilimia 3 ya wafanyakazi wake. Piga hesabu. Wafanyakazi 100, watatu. Wafanyakazi 200, sita. Mwenye 20 kamili atakuambia asilimia 3 ya 20 ni 0.6, na hakuna sehemu ya mtu. Mjibu hivi: sheria inasema isiyopungua, na sifuri ni pungufu ya 0.6, kwa hiyo ni mtu mmoja. Dodoma imejaa taasisi tangu Serikali ihamie, na hoja hii inafaa kuulizwa kwa kila moja, kwa heshima na kwa maandishi.

Ukiomba kazi serikalini kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, matangazo yake yenyewe yanawahamasisha watu wenye ulemavu kuomba na kuainisha ulemavu wao kwenye mfumo. Ainisha. Wapo wanaoficha wakidhani watakatwa mapema, halafu siku ya usaili wa kuandika pale UDOM wanakuta chumba ghorofani na karatasi ya maandishi madogo, na hakuna wa kulaumiwa. Baada ya kuainisha, ukiitwa kwenye usaili andika tena ueleze unachohitaji: mkalimani, muda, chumba cha chini.

Kwenye sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inakulinda hata kabla hujaajiriwa, kwa sababu katazo la ubaguzi linagusa matangazo ya kazi, vigezo vya uchaguzi na usaili. Na kuna jambo ambalo waajiri wengi hawalipendi: ukionyesha kwa dalili za awali kuwa ulibaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukuwa na ubaguzi unahamia kwa mwajiri. Ndiyo maana tangazo la kazi lihifadhiwe, meseji ya meneja ihifadhiwe, majina ya mliokuwa nao siku ile yaandikwe.

Aliyepata ulemavu akiwa kazini asikubali kuandika barua ya kuacha kazi kwa kushawishiwa. Ulemavu si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Mwajiri anatakiwa kwanza aangalie ukubwa wa tatizo, muda wake, na kama kazi inaweza kurekebishwa au kupatikana nyingine inayokufaa. Kama ajali ilitokana na kazi, dai la fidia liende Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuanza kutoa taarifa. Mkumbushe kwa barua.

Mambo yakiharibika, unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, yenye ofisi Dodoma. Unajaza fomu namba 1 ya CMA, unampa mwajiri nakala kwanza na kupata uthibitisho kwamba ameipokea, kisha unaiwasilisha. Hulipi kitu, na wakili si lazima. Kinachowaangusha watu ni muda: siku 30 kwa kuachishwa kazi isivyo halali, siku 60 kwa migogoro mingine, ukiwemo ubaguzi wa kunyimwa kazi. Siku zinahesabiwa tangu tukio, siyo tangu ulipomaliza kumbembeleza meneja. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima uwe na sababu nzito yenye ushahidi.

Mkopo wa asilimia 2, na tenda

Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni takwa la sheria, wala si hisani ya diwani. Utoaji ulisitishwa mwaka 2023 baada ya fedha nyingi kuishia kwa vikundi hewa, ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Jiji la Dodoma liliwekwa miongoni mwa halmashauri 10 za majaribio ya kutoa mikopo hiyo kupitia benki, kwa hiyo usishangae ndugu yako wa Bahi akapitia njia tofauti na yako.

Mlango wa kuanzia ni mmoja: Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Marekebisho ya kanuni ya mwaka 2021 yalipunguza idadi ya wanakikundi wenye ulemavu hadi wawili, na yakamruhusu hata mtu mmoja mwenye ulemavu kukopa. Ukiambiwa "tafuteni watu kumi," omba uonyeshwe kanuni inayosema hivyo.

Andika mradi unaoujua. Mashine ya alizeti Kongwa, kuku wa kienyeji, cherehani, bajaji ya kubebea mizigo. Maafisa wamechoka na michanganuo ya kunakili yenye faida ya milioni kwa mwezi. Weka bei halisi za soko la Majengo au la wilayani kwako, na useme ukweli kuhusu miezi ya ukame. Na jambo la kujihadhari nalo kuliko yote: mtu asiye na ulemavu anayewakusanya, anawajazia fomu, halafu fedha ikitoka anawagawia elfu hamsini hamsini. Deni litabaki kwa majina yenu.

Kikundi kilichosimama kinaweza kwenda mbali zaidi. Sheria ya Ununuzi wa Umma inataka asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya taasisi za umma itengwe kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Tenda hizo zinapitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Sare, usafi, chakula cha vikao, samani. Mwombe Afisa Maendeleo ya Jamii awasaidie kusajili kikundi katika mfumo.

Majengo na kura, kwa kifupi

Majengo ya umma yanatakiwa kufikika. Ukikuta ofisi mpya haina njia ya mteremko au choo kinachoingia kiti mwendo, piga picha, andika kwa mkuu wa taasisi, nakala kwa halmashauri iliyotoa kibali cha ujenzi. Kwa jengo ambalo bado linajengwa barua yako ni ya thamani zaidi, kwa sababu kubadili ramani ni rahisi kuliko kubomoa ngazi.

Siku ya uchaguzi, mtu mwenye ulemavu hapangi foleni, na asiyeona anaruhusiwa kwenda na mtu anayemwamini amsaidie, au kutumia kifaa cha nukta nundu. Msimamizi hawezi kukuchagulia msaidizi.

Wakikunyamazia

Tarehe uliyoiweka kwenye barua ikipita, usianze upya. Andika barua ya kukumbusha ya mistari mitano, taja tarehe ya barua ya kwanza, ambatisha nakala yenye mhuri. Ikipita tena, panda ngazi: Mkurugenzi, kisha Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia masuala ya watu wenye ulemavu. Sasa ndiyo safari ya Mtumba ina maana, kwa kuwa una jalada mkononi.

Sambamba na hapo, vyama vina nguvu ambayo mtu mmoja hana. SHIVYAWATA ndilo shirikisho, na chini yake vipo vyama vya viziwi, wasioona, watu wenye ualbino, wenye ulemavu wa viungo na vinginevyo. Barua yenye nembo ya chama husomwa mapema. Dosari ya baadhi ya matawi ni kupenda makongamano kuliko kufuatilia kesi, hivyo mwombe kiongozi akupe jina la mtu atakayelishughulikia jambo lako.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye makao makuu hapa Dodoma, inapokea malalamiko bure, kwa mdomo au kwa maandishi. Haitagusa jambo ambalo tayari liko mahakamani, kwa hiyo panga vizuri kipi kitangulie.

Mahakama iwe mwisho, isipokuwa pale muda unapokubana. Dodoma ina Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, ambako ngazi kadhaa za mahakama zipo chini ya paa moja, nafuu kubwa kwa asiyeweza kuzunguka. Ukitaka kuishtaki Serikali au halmashauri kwa madai ya kawaida, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90. Kosa hapo linaua kesi nzuri. Pata msaidizi wa kisheria kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Chini ya sheria ya 2017 huduma yake ni ya bure. Kiziwi aombe mkalimani kwa karani wa mahakama kwa maandishi mapema, kabla ya tarehe ya kesi.

Kuzigusa sheria zenyewe kabla hazijapita

Mkazi wa Dodoma ana nafasi ambayo mtu wa Kagera au Mtwara anailipia nauli ya siku nzima. Muswada ukishasomwa Bungeni mara ya kwanza, unapelekwa kwenye kamati, na kamati huita wadau kutoa maoni. Ndipo mahali pa kubadili maneno, maana ukifika kusomwa mara ya pili mjadala unakuwa wa wabunge. Fuatilia tovuti ya Bunge na vyombo vya habari kipindi kinachotangulia mkutano. Wa bajeti, unaoanza Aprili na kumalizika Juni, ndio mrefu kuliko yote.

Andika kwa Katibu wa Bunge. Taja jina la muswada, kifungu, maneno yaliyopo, maneno unayopendekeza, na sababu kwa sentensi tatu. Wajumbe wa kamati wanapokea makabrasha mengi. Anayewapa maneno yaliyo tayari kuingizwa ana nafasi kubwa kuliko anayewapa hotuba. Ukitaka kuhudhuria ana kwa ana, eleza kwenye barua hiyo unahitaji mkalimani, mteremko au nakala ya nukta nundu.

Chini ya hapo kuna sheria ndogo za halmashauri, zinazogusa maisha ya kila siku zaidi: ushuru wa genge, maeneo ya machinga, vibali vya ujenzi, maegesho. Kabla ya kuzipitisha, halmashauri inatakiwa kuwatangazia wakazi na kupokea pingamizi zao. Tangazo hilo mara nyingi hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, juu kidogo kwa mwenye kiti mwendo na kimya kabisa kwa asiyeona. Mwombe mtendaji, kwa barua, kwamba kila tangazo la sheria ndogo litumwe pia kwa simu kwa katibu wa kamati ya watu wenye ulemavu ya mtaa. Namba ya katibu iandike ndani ya barua hiyo hiyo.